Siku babu alipoutundika uta

Huenda wakati huu harufu ya kitoweo inatoka jikoni. Basi kabla hamjaketi mezani, nipe dakika chache nikusimulie kisa cha nyama niliyoila nikiwa na umri wa miaka tisa. Mpaka leo sijui kama nijivunie nyama ile au niijutie.

Ilikuwa mwaka wa 1984, kwetu Kasikeu, si mbali na Sultan Hamud. Mvua ilikuwa imekataa. Sisi Wakamba tuna desturi ya kuzipa njaa majina. Ile ya 1961 wazee huiita njaa ya ndeke, yaani ndege, kwa kuwa chakula kiliangushwa kutoka angani. Hii ya 1984 iliitwa Nikwa Ngwete, yaani nafa huku nimeshika. Pesa unazo mkononi, lakini dukani hakuna cha kununua.

Mama alikuwa amejifungua dada yangu wiki chache tu kabla. Tumbo la mama lilikuwa tupu, na titi likakauka. Usiku kucha mtoto alilia, na kila usiku sauti yake ilizidi kupungua. Nyanya alimpa uji mwepesi wa mahindi ya manjano ya msaada, akautapika.

Usiku wa tatu babu hakulala. Aliketi nje, kimya. Alfajiri nilimwona akipanda juu ya kitanda na kuushusha uta wake.

Hapa yafaa nikueleze huyu babu alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mwindaji, na baba yake kabla yake. Enzi zao kila mwindaji alichonga alama yake kwenye mishale ili kusiwe na ubishi kuhusu nani aliyemfuma mnyama kwanza. Ncha ilipakwa ivai, sumu nyeusi kama lami inayochemshwa kwa saa nyingi kutokana na mti, kisha ikafungwa kwa ngozi laini isikauke. Sumu hiyo husimamisha moyo. Mwenye mshale wa aina hiyo hakufuma ovyo. Alinyemelea dhidi ya upepo, hatua kwa hatua, mpaka akakaribia kiasi cha kuliona jicho la mnyama.

Serikali ya kikoloni ilimwita mtu kama huyo jangili, huku wageni wenye leseni wakiitwa wawindaji. Reli hiyo hiyo inayopita Sultan Hamud ndiyo iliyompitisha Theodore Roosevelt mnamo Aprili 1909, punde tu baada ya kuacha urais wa Marekani, akiwa ameketi kwenye kiti mbele kabisa ya garimoshi ili aone wanyama vizuri. Katika safari hiyo ya Afrika, yeye na mwanawe Kermit waliwaua wanyama 512. Babu hakujua kusoma, lakini mambo hayo aliyajua kwa njia yake. "Mzungu akiua ni mchezo," alizoea kusema. "Mimi nikiua ni kesi."

Mei 1977 serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji kwa wote, mwenye bunduki na mwenye uta. Babu naye akautundika uta wake juu ya kitanda. Lakini msomaji wangu, kuutundika uta kwa kumwogopa askari si sawa na kuutundika kwa moyo. Uta ule aliupaka mafuta kila mwezi.

Basi alfajiri ile alitoka nao, na saa sita mchana akarudi na digidigi mmoja begani. Bila shaka umewahi kumwona digidigi, walau kwenye picha. Ni paa mdogo mno, mwenye miguu kama vijiti na macho makubwa, na uzito wake ni kama kilo tano hivi. Kwa nyumba ya watu wanane wenye njaa, hicho si kitoweo cha kujivunia. Lakini ni mchuzi.

Babu alimlaza juu ya majani akaanza kumchuna, nami nikimshikia mguu. Kisu kilipofika tumboni, kikasimama. Kiwele kilikuwa kimejaa. Maziwa yalitiririka yakaingia mchangani mbele ya macho yetu. Nyanya alitazama, kisha akageuza uso. Babu alikaa hivyo kwa muda mrefu, halafu akamaliza kazi yake bila kusema neno.

Mama akanywa ule mchuzi. Sisi watoto tukala nyama, na mimi nilivunja mifupa nikanyonya uboho. Naam, ilikuwa tamu, sitakudanganya. Babu hakula. Alisema hana njaa, na sote tulijua kwamba haiwezekani. Siku ya pili yake dada yangu alinyonya, akashiba, akalala.

Asubuhi iliyofuata babu aliniita twende naye kichakani. Njiani akanifunza mambo ambayo sikuyasikia darasani. Digidigi huishi wawili wawili, dume na jike wake, katika kipande chao cha kichaka, na hawaachani. Mipaka yao huiwekea alama kwa chungu za mavi, na kwa utomvu mweusi unaotoka karibu na jicho, ambao huupaka kwenye vijiti. Huzaa mtoto mmoja tu kwa wakati. Wiki zake za kwanza mtoto huyo hufichwa chini ya kichaka, akatulia kama jiwe, mama akimwendea kumnyonyesha.

Tulipofika, dume alikuwapo, kando ya chungu yao. Hakukimbia mbali. Alipiga ule mluzi wao wa puani, akaruka hatua chache, akasimama, akatazama nyuma yetu kana kwamba kuna mwingine anayekuja. Nilimvuta babu shati. "Babu, yule pale!" Ndipo nilipogundua kwamba uta hakuja nao.

Tulimtafuta mtoto wa digidigi siku tatu. Hatukumpata. Siku ya tatu babu aliketi juu ya jiwe akaniambia, "Mama yako amepata maziwa, mjukuu wangu. Kuna mwingine aliyeyakosa. Nimewinda ya kutosha."

Tangu siku hiyo uta ule haukupakwa mafuta tena. Ulikauka ukapasuka pale pale ukutani.

Sasa msomaji, usiniulize kama babu alikosea. Wahenga walinena kwamba mwenye njaa hana miiko, na mimi ninayekuandikia nilikula nikashiba. Babu mwenyewe hakusema hata siku moja kwamba kuwinda ni dhambi. Hakuwakemea wenzake. Alichofanya ni kuzunguka vichakani akiitafuta mitego ya nyaya ambayo vijana walikuwa wameanza kuitega. Akiupata, aliufumua na kuuzika. "Waya hauna macho," alisema. "Hauulizi kama huyu ana mtoto."

Wala si yeye peke yake aliyegeuka hivyo. George Adamson, ambaye wengi wanamjua kwa sababu ya simba Elsa, aliwahi kuishi kwa kuwaongoza matajiri kuwinda kabla ya kuajiriwa na idara ya wanyamapori mwaka wa 1938. Tangu 1970 aliishi Kora, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Kitui, akiwafunza simba kuishi porini tena, na huko ndiko alikouawa na majambazi mnamo Agosti 1989. Mmoja alikuwa na bunduki na mwingine uta, lakini nadhani kilichowageuza ni kimoja. Mwindaji wa kweli humtazama mnyama kwa karibu mno, na ukimtazama kiumbe kwa karibu miaka mingi, itafika siku utamwona.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya jambo lililonipata Desemba iliyopita nilipokwenda nyumbani kwa sikukuu. Saa mbili usiku pikipiki ilisimama langoni. Kijana mmoja akafungua gunia, na ndani mlikuwa na digidigi wanne. Aliniambia huwa wanawamulika kwa kurunzi kali usiku, mnyama anapofushwa na mwanga, anasimama tu, wanampiga rungu. Halali ya mtoto mdogo.

Nilimuuliza wangapi kati yao ni majike. Akacheka. "Mzee, gizani nitajuaje? Hii ni nyama." Nikamuuliza kwani kwao kuna njaa. Akanitazama kama mtu anayeulizwa swali la kijinga. "Njaa ya nini? Hawa ni wa kuuza. Wanunuzi si ndio nyinyi wa Nairobi?"

Sikuwa na jibu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ndiyo, lakini hapa mambo yalikuwa yamepinduka. Babu aliua mmoja, mchana, kwa sababu ya mtoto aliyekuwa akifa, na akamlilia miaka yote iliyobaki. Huyu ameua wanne gizani, hajui ni akina nani, na anayewala hajui hata kama amekula digidigi.

Usidhani ninatia chumvi. Uchunguzi uliofanywa mwaka wa 2004 katika bucha za Nairobi uligundua nyama ya porini ikiuzwa kama nyama ya kawaida. Nyama hiyo haijapita mbele ya mkaguzi yeyote, na ugonjwa kama kimeta haujui kwamba wewe ulilipia mbuzi. Sheria nayo ni kali. Ile ya mwaka 2013, ilipopitishwa, iliweka faini isiyopungua shilingi 30,000 au kifungo kisichopungua miezi sita hata kwa yule anayewinda kwa ajili ya chungu chake mwenyewe. Kwa hivyo anayefungwa aghalabu ni kijana wa pikipiki. Mnunuzi hupangusa midomo akaenda zake.

Ndiyo maana nakuomba, msomaji wangu, usimhukumu yule kijana kabla hujajiuliza swali. Bei ikiwa nafuu kupita kiasi, umewahi kuuliza nyama ile imetoka wapi? Umewahi kuutafuta muhuri wa mkaguzi? Na wewe mwanafunzi, ukila sambusa ile ya kando ya barabara, unajua kilichosagwa ndani?

Jambo la pili ni hili. Mkienda mashambani likizo ijayo, waamshe watoto alfajiri, muingie kichakani polepole dhidi ya upepo. Kama bado wamesalia, mtawaona wawili wamesimama pamoja. Waache watoto wawatazame kwa muda mrefu bila haraka. Mimi sikumwokoa digidigi hata mmoja usiku ule wa Desemba. Nilikataa kununua, pikipiki ikaenda kwa jirani. Lakini yule kijana nilimwambia kisa hiki cha babu, naye akanisikiliza akiwa ameizima injini. Kama kilimwingia, sijui.

Dada yangu sasa ana watoto wake, na wote aliwanyonyesha. Hajawahi kusimuliwa jinsi alivyopona mwaka ule. Atakisoma kisa hiki leo gazetini, kama wewe.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.