Taa nyekundu kwenye gari ya umeme: shida iko kwenye batri ao kwenye prize?

Kila mara bei ya kobalti inaanguka, huku Kolwezi tunasikia hadithi ile ile. Ati magari ya umeme hayana maana, yanakataa kuchaji, yanawaka moto, wenyewe wameyachoka. Vijana wanaonyeshana kwenye simu picha ya gari iliyo na taa nyekundu, imekatika katikati ya usiku nyumbani kwa mwenyewe, kisha mutu anasema: muliona, kobalti yetu imekwisha. Hadithi hiyo inachanganya mambo mawili. Na hasara ni yetu, kwa sababu creuseur asiyejua bei inaanguka juu ya nini atakubali bei yoyote anayopewa na négociant kule Musompo.

Tuanze na ile taa. Gari ikichajiwa nyumbani haimezi umeme ovyo. Kwenye kamba yake kuna kisanduku kidogo, na kazi yake ni kupima kabla ya kufungua njia. Kinatafuta waya ya udongo, ile mafundi wanaita terre; kama haiko ao imeshikwa vibaya, kinakataa. Kinaangalia kama umeme unatoroka njiani. Zikitoroka miliampea 30 tu, kinakata. Gari yenyewe inafuata volti: prize inapaswa kutoa karibu 230, na zikishuka sana wakati inavuta, inapunguza ao inasimama. Kamba nyingi ziko pia na kipima joto ndani ya kichwa, kwa maana prize ya zamani iliyolegea inaweza kuyeyuka. Fikiria mwenyewe: batri ya kilowati-saa 60, kwenye prize ya kawaida ya ampea 10, inaomba saa 26 bila kupumzika. Kuna pasi ao friji gani unaitumikisha namna hiyo?

Kwa hiyo mara nyingi taa ile inasema juu ya nyumba, haisemi juu ya batri. Kama uko na ndugu kule Bruxelles ao Johannesburg anayelia juu ya gari yake, umwambie asome maneno yaliyoandikwa kwanza, asikimbilie garaje. Achomoe, aguse kichwa cha kamba: kikiwa moto, prize ndiyo mbovu. Ajaribu prize ingine yenye waya ya udongo, ashushe ampea kwenye kioo cha gari. Aache ralonji, na asinunue kile kifaa cha kudanganya kisanduku kwamba waya ya udongo iko, kile kinaua. Akifika kwenye shaja ya barabarani na gari ikakubali vizuri, basi shida iko kwake nyumbani, aite fundi umeme. Kuna pia ile batri ndogo ya volti 12, sawa na ya gari yetu ya mazutu. Ikichoka, inawasha taa za kila rangi bila sababu ya maana. Lakini kama gari inasema ni batri kubwa, ao kuna harufu na moshi, hapo hakuna kujaribu tena. Atoke, asimame mbali, aite wazima moto.

Batri mbovu kabisa zilikuwako, tusifiche. Mwaka 2021 General Motors iliita Chevrolet Bolt zote zirudi, zaidi ya 140.000, sababu zingine ziliwaka moto. Wenye magari waliambiwa wasipite asilimia 90, wasichaji usiku ndani ya nyumba, gari ilale nje. Hyundai nayo iliita Kona zake mwaka ule ule. Batri zilitoka kwa LG, na zilikuwa na kobalti ndani. Lakini uchunguzi wa Bolt ulikuta nini? Makosa mawili ya kiwanda ndani ya seli moja: kipande kimoja kimepasuka, na utando unaotenganisha pande mbili umekunjwa. LG ilikubali kulipa General Motors hadi dola miliari 1,9. Jiwe la Kasulo halikupasua kitu.

Hata hivyo jambo hilo lilitugusa. Batri ya chuma na fosfati, ile wanaita LFP, haina kobalti hata gramu moja, inavumilia joto zaidi, na bei yake iko chini. BYD ilitangaza yake ya Blade mwaka 2020, Tesla ikaitia ndani ya magari yake ya bei nafuu, na mwaka 2024 LFP ilichukua karibu nusu ya soko la dunia. Mimi naona bei ndiyo ilisukuma zaidi, moto ulisaidia tu. Ongeza na upande wetu: migodi mikubwa ilitoa kobalti mingi kupita mahitaji. Tani iliyofika karibu dola 80.000 mwaka 2022 ilishuka chini ya dola 22.000 mwanzo wa 2025. Ndiyo maana serikali ilifunga kusafirisha tarehe 22 Februari 2025, halafu kuanzia 16 Oktoba ikaweka kota: tani 96.600 kwa mwaka 2026, na hesabu ile ile kwa 2027. Hapo ndipo bei yetu inaamuliwa. Taa nyekundu ya mutu wa Bruxelles haimo.

Sasa turudi kwenye prize, kwa maana ile gari inakuja Afrika pia. Ethiopia tangu 2024 imekataza kuingiza magari ya mafuta. Leta gari ile hapa Kasulo usiku mmoja. Kisanduku kitatafuta waya ya udongo na hakitaiona. Mtaa ulioanza kuchimbwa chini ya nyumba tangu 2014, udongo wake umefika ndani ya batri za dunia nzima, lakini waya ya udongo haiko. Volti zinashuka saa ya kupika, kabine inapasuka, delestaje inafuata. Gari itawasha taa na itakuwa na haki. Na sisi hatuko mbali na umeme: Nzilo na Nseke zilijengwa na Union Minière miaka ya 1950, Busanga, megawati 240, ilijengwa juu ya Sicomines. Umeme unapita juu ya vichwa vyetu kwenda kwenye viwanda.

Friji ya mama anayeuza samaki haina kisanduku cha kuilinda. Inaungua kimya, na mtoto anayeshika mlango wa chuma anapigwa. Hiyo ndiyo taa nyekundu yetu.

Code minier ya 2018 inalazimisha kila kampuni kutoa 0,3% ya mauzo yake kwa miradi ya jamii zilizoguswa, na inataka cahier des charges iandikwe pamoja na wakaaji. Watu wanaomba masomo na dispanseri, ni vizuri. Katika mazungumzo yanayokuja, wajumbe wa mitaa na wa sendika waombe pia kabine mpya, waya ya udongo kwa kila nyumba, na fundi wa kupima volti saa moja ya usiku wakati wote wanapika, si saa nne asubuhi wakati wageni wanatembelea.