Kufundisha Upigaji Picha katika Jua la Utosi

Yamekwisha kuandikwa mengi kuhusu mbinu za kufundisha hesabu, lugha na sayansi, lakini ni machache yaliyoandikwa kuhusu ufundishaji wa stadi ambazo vijana wetu huzikimbilia mara wamalizapo shule ili wajipatie riziki. Mojawapo ya stadi hizo ni upigaji picha. Hapa Mwanza, mtu akipita ufukoni karibu na Jiwe la Bismarck siku ya Jumamosi, au akipanda Capri Point, aghalabu atakuta magari yaliyopambwa yamejipanga, maharusi wamesimamishwa juu ya mawe, na kijana mwenye kamera akiwahimiza watabasamu. Saa huwa ni saa saba au saa nane mchana, kwa kuwa ibada imekwisha na ukumbini hawatarajiwi mpaka jioni. Kijana huyo, kama alipata kufundishwa mahali popote, alifundishwa kwamba saa hiyo haifai kupigia picha.

Hapo ndipo ilipo hoja yetu. Somo linalomwambia mwanafunzi asifanye kazi katika saa ambayo kazi inapatikana si somo la stadi. Ni somo la kumuaga. Maharusi hawafungi ndoa mara ya pili kwa ajili ya picha. Wakirudishiwa picha ambazo macho yao yamegeuka mashimo mawili meusi na gauni limekuwa doa jeupe lisilo na hata mkunjo mmoja, hasara hiyo haina fidia, na kijana yule hataitwa tena katika mtaa ule.

Ushauri wa kungoja jua lishuke umetoka katika vitabu, na vitabu vingi tunavyotumia viliandikwa na watu wa nchi za mbali na ikweta. Hatuwalaumu, waliandika walichokiona. Lakini na tulinganishe. Mwanza iko karibu nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta. Jua letu la mchana linapokuwa chini kuliko siku zote za mwaka, yaani mwezi Juni, hufika nyuzi 64 hivi juu ya upeo wa macho. Jua la London linapokuwa juu kuliko siku zote, mwezi huo huo, hufika nyuzi 62. Kwa maneno mengine, jua letu la chini kabisa huwa juu zaidi ya jua lao la juu kabisa. Mwandishi wa London anaposema jua la mchana ni kali mno kwa sura ya mtu, hajaliona la kwetu. Na anapomshauri mwanafunzi angoje mwanga laini wa jioni, anamfikiria mtu ambaye kwake jioni ya kiangazi ni ndefu. Kwetu jua hushuka karibu wima. Kuanzia linapokuwa nyuzi 15 juu ya ziwa mpaka linapozama hupita saa moja tu na dakika chache, na katika saa hiyo maharusi wako njiani kwenda ukumbini.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba somo la kwanza la upigaji picha lifanyike uwanjani, mchana, bila kamera. Kila kundi la wanafunzi lisimamishe kijiti cha mita moja mahali tambarare, lipime kivuli chake kila baada ya nusu saa kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi, na liandike urefu na upande. Watagundua kwanza jambo ambalo wengi wetu hatukuambiwa tulipokuwa shuleni: kivuli kifupi kabisa hakipatikani saa sita kamili. Saa za Tanzania zimepangwa kwa mstari wa longitudo 45 mashariki, ilhali Mwanza iko karibu na 33. Kila nyuzi moja ni dakika nne. Basi jua letu hufika kilele saa sita na dakika 48 hivi, likitangulia au kuchelewa kwa robo saa kulingana na mwezi. Mpigapicha anayedhani kwamba saa saba jua limekwisha kuanza kushuka anajidanganya, maana ndipo lilipo juu kabisa.

Jambo la pili litaonekana kama vipimo vitarudiwa mwaka mzima. Mwezi Juni jua la mchana liko upande wa kaskazini, na kijiti chetu kitatupa kivuli cha karibu nusu mita kuelekea kusini. Mwezi Desemba kivuli kitaelekea kaskazini, nacho kitakuwa kama sentimita 38. Katikati ya Machi, na tena mwishoni mwa Septemba, hakitakuwako kabisa. Mwalimu wa jiografia atafurahi, na wa hesabu pia, lakini atakayenufaika zaidi ni yule atakayesimamisha watu wawili kando ya jiwe. Tuchukue jiwe la mita nne lenye ubavu ulio wima, nayo si haba katika mji huu. Mwezi Juni, jua likiwa kileleni, upande wake wa kusini utakuwa na kivuli cha upana wa mita mbili chini miguuni. Lakini kwenye kimo cha vichwa, mita moja na sentimita 70, kinabaki kivuli cha mita moja na kidogo tu. Watu wawili wanatosha hapo wakisimama karibu na jiwe. Wakisogea mbele hatua moja kivuli kitawakata usoni, nusu jua nusu giza. Mwanafunzi aliyepiga hesabu hiyo kwa mkono wake hatapoteza dakika 20 akiwahamisha maharusi huku na huko mbele ya wakwe.

Baada ya kivuli ndipo tufundishe mwanga unaorudi kutoka chini, maana jua likiwa utosini ndio pekee unaoingia chini ya nyusi na kidevu. Hapa pana imani moja iliyoenea ambayo inafaa irekebishwe. Wengi husema kwamba ziwa linamulika nyuso. Ukweli ni kwamba maji yakipigwa na jua la juu hurudisha kidogo sana: mwanga unaoanguka wima juu ya maji hurudi kama asilimia mbili tu, uliobaki huzama. Vile vimetameta tuvionavyo majini hutia macho kiwi, lakini havijazi uso. Jua likikaribia upeo wa macho ndipo ziwa linapogeuka kioo. Mchana mwamba wa rangi ya kijivu nyeupe, mchanga mkavu, au sakafu ya saruji hurudisha zaidi ya maji. Majani mabichi hurudisha ukijani kwenye shingo za watu, na udongo mwekundu hurudisha wekundu. Mwanafunzi na asimame juu ya kila kimoja, mwenzake amtazame kidevuni. Ni zoezi la nusu saa lisilo na gharama yoyote.

Kamera ifike katika somo la tatu au la nne, pamoja na kanuni ya zamani ambayo haijazeeka: katika jua wazi, kwa ISO 100, tundu la lenzi liwe 16 na kasi iwe karibu sehemu moja ya mia ya sekunde. Katika kivuli kilicho wazi kwa anga hufunguliwa hatua tatu, hadi 5.6. Hatua tatu ni mara nane. Basi maharusi walio kivulini, wakiwa na ziwa lenye jua nyuma yao, wana nyuma yao mwanga unaowazidi mara nane, na ni vigumu kamera kupata vyote viwili vizuri bila msaada. Msaada huo unaweza kuwa flashi, au shuka jeupe lililoshikwa juani na msimamizi wa harusi, au uamuzi wa kuligeuzia ziwa kisogo na kuchukua jiwe kuwa mandhari. Uamuzi huu wa mwisho ndio tuupendao sisi, ingawa maharusi wengi watanung'unika kwamba hawakufuata mawe, walifuata maji.

Katika mazoezi patazuka jambo la adabu. Darasa letu lina wavulana na wasichana, na kuwaambia wakae kama wachumba ni kuanzisha vicheko na maneno. Yafaa wawili wa jinsia moja wasimame pamoja, mmoja amejitanda shuka nyeupe na mwenziwe amevaa sweta jeusi. Kwa upande wa mwanga hao ni bibi harusi na bwana harusi kamili. Tena mwalimu achague wawili ambao rangi zao za ngozi zimepishana. Kamera ikiachiwa ijiamulie itapima shuka, na uso mweusi utazama. Mwanafunzi ajifunze kupima uso wenyewe, na kumweka aliye mweusi zaidi upande unaotoka mwanga.

Jambo hili si dogo. Kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi zilisawazisha mitambo yao kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja katika miaka ya 1990. Leo vipo vifaa vilivyorekebishwa, lakini zipo pia programu ambazo kwa kugusa mara moja humng'arisha mtu mpaka mama yake amsahau. Vijana wengi huzitumia kufidia picha iliyopigwa vibaya. Sisi twasema kwamba kufanya hivyo ni kumwambia bibi harusi kuwa uso aliokuja nao haukutosha, na mwalimu asiyelikemea jambo hilo darasani analifundisha.

Wapo watakaosema kwamba vyuo na shule hazina kamera za kutosha. Ni kweli. Lakini karibu yote tuliyoyaeleza yahitaji kijiti, shuka na simu moja ya mkononi. Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948, aliwapiga wateja wake uani kwa mwanga wa jua, na kitambaa kimetundikwa nyuma yao, mara nyingi akitumia bamba moja tu kwa kila mteja. Wapo pia watakaosema kwamba simu za sasa huunganisha picha kadhaa kuwa moja na kusawazisha mwanga zenyewe. Husaidia kweli, lakini simu haiwezi kumhamisha mtu aliyekatwa na kivuli puani.

Tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 tumekuwa tukisema kwamba elimu itokane na mazingira ya mwanafunzi, na sasa mkondo wa amali umeingia katika sekondari zetu. Mtihani wa stadi hii usiwe wa kutaja sehemu za kamera. Mtahiniwa na apewe watu wawili, mmoja mwenye nguo nyeupe na mmoja mwenye nguo nyeusi, apelekwe ufukoni saa saba mchana, apewe nusu saa na shuka moja, arudi na picha tano. Mtahini aangalie kama macho yanaonekana na kama mikunjo ya nguo nyeupe haikupotea. Tungependekeza uwekwe mwishoni mwa Septemba, wakati mawe hayana kivuli. Katikati ya Machi pia yangefaa, ila wakati huo ni Kwaresima, na harusi za kanisani ni chache. Wanafunzi wasingekuwa na mahali pa kujifunzia Jumamosi iliyotangulia.