Mjapani naye anasema "haiwezekani": vijana wa Lubumbashi wanauziwa hadithi

LUBUMBASHI – Wakaaji wa Katuba, Kenya na Rwashi wameisikia hadithi hii zaidi ya mara moja, kanisani au kwenye mafunzo ya kazi. Mtu mwenye suti anasimama na kueleza kwa nini Mjapani ametajirika na Mkongomani bado. Jibu lake ni lugha. Mjapani, anasema, hana neno la "haiwezekani". Lakini Mkongomani anayesema Lingala ana neno moja tu, lobi, kwa jana na kwa kesho. "Munaona? Ni ile njo inatufanyaka tubakie nyuma!" Watu wanapiga makofi. Nje wanangojewa na Toyota za mtumba zenye usukani wa kulia, kama vile hizo ndizo ushahidi.

Tuanze na hilo neno. Kijapani kinalo, tena si moja. Liko fukano, la vitabuni, na liko muri, ambalo Mjapani hulisema kazini, nyumbani na dukani, kila siku. Anayefundisha kwamba halipo hajawahi kumuuliza Mjapani yeyote.

Habari ya lobi ni kweli, lakini haithibitishi kitu. Anayesema Lingala hachanganyi siku: kitendo katika sentensi kinamwambia kama jambo limepita au linakuja. Kihindi nacho kina neno moja, kal, kwa jana na kwa kesho, na Wahindi wamefikisha chombo kwenye mwezi. Kilicho kizuri zaidi ni hiki: kitendo cha Kijapani hakina umbo la pekee la wakati ujao. Taberu ni "anakula" na pia ni "atakula". Kiswahili kina -ta- yake wazi kabisa, na juu yake kina kesho, keshokutwa na mtondo. Kama sarufi ingejenga reli, treni ya kasi ya mwaka 1964 ingeanzia Lubumbashi kwenda Likasi, wala si Tokyo kwenda Osaka.

Wajapani wenyewe waliwahi kuhukumiwa hivyo hivyo. Mwaka 1915 mtaalamu mmoja kutoka Australia alitembezwa katika viwanda vyao, akasema ni watu wasiojali wakati na kwamba tabia hiyo ni urithi wa taifa lao. Lugha yao ilikuwa hii hii ya leo. Kilichobadilika baadaye ni shule, mashine, mikopo na mishahara.

Mji huu una deni lake katika biashara hii. Kitabu cha padri Mbelgiji Placide Tempels kuhusu falsafa ya Wabantu kilichapishwa hapa, Elisabethville, mwaka 1945. Tempels alikaa na Waluba wa Katanga akaandika kwamba kwao "kuwako" maana yake ni "nguvu", na kwamba hiyo ndiyo akili ya Wabantu wote. Alitaka kuwaheshimu, hilo akubaliwe. Lakini mwaka 1950 Aimé Césaire wa Martinique aliona shimo liko wapi: ukishasema kwamba Mbantu anachotaka ni kuheshimiwa kwa roho yake, basi mshahara, nyumba na chakula havina haja tena ya kujadiliwa. Na huo mshahara ulikuwa umeombwa hapa hapa. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma, na askari wakawapiga risasi kwenye uwanja wa mpira. Watu wengi walikufa. Walijua vizuri kabisa "kesho" ni nini, walikuwa wanaidai.

Hadithi ya Mjapani inafanya kazi ile ile leo. Kijana aliyeajiriwa na kampuni ndogo inayokodisha watu kwa mgodi, asiye na mkataba wa kueleweka, anaambiwa ajifunze kaizen, aache kunung'unika, afanye kama Mjapani mtiifu. Mjapani yupi? Mwaka 1960 wachimbaji wa makaa ya mawe wa Miike, katika kisiwa cha Kyushu, walipambana na kampuni ya Mitsui kwa miezi mingi kwa sababu ya wenzao waliofukuzwa kazi. Tangu miaka ya 1950 vyama vya wafanyakazi wa Japani vinadai nyongeza kwa pamoja kila mwaka wakati wa masika, na jambo hilo lina jina: shunto. Kifo cha kazi nyingi kupita kiasi kina jina pia: karoshi. Ajabu ni kwamba katika Kijapani chote wanachouza, wenye suti hawajawahi kukutana na maneno haya mawili.

Hasara nyingine iko nyumbani. Mzazi akiamini kwamba lugha zetu ndizo zinazofunga akili, anamkataza mtoto Kiswahili na kumlea kwa Kifaransa ambacho yeye mwenyewe anakibahatisha. Sheria ya elimu ya Februari 2014 imeziruhusu lugha za taifa kufundishia darasani, na Kiswahili ni mojawapo kati ya nne. Mtoto wa Japani anajifunza hesabu kwa lugha ya mama yake. Hilo nalo ni la Kijapani, na ni la kweli, lakini kwenye mafunzo halisemwi.

Safari ijayo, mwenye suti akifika kwenye kaizen, msikilizaji mmoja ainue mkono aulize shunto maana yake nini, kisha aulize mishahara ya mwezi uliopita italipwa tarehe ngapi.