Maji Yaliyotuama Kwenye Majani

Watoto wa madrasa, wafikapo mlango wa tohara, husomeshwa kwamba maji yaliyobadilika kwa majani yaliyojiangukia humo yangali yanatoharisha. Ndivyo ilivyo katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu twayafuata. Mtoto mwenye akili huuliza: ni nini basi kilichoyageuza rangi? Wazazi wengi hapo hunyamaza, nasi tumo.

Kazi hiyo hufanywa na viumbe ambao wengi wao hawaonekani kwa macho. Katika misitu ya Amerika ya Kati na ya Kusini imo mimea jamaa ya nanasi, iotayo juu ya matawi ya miti. Majani yake yamejipanga mfano wa bakuli, na mvua ikinyesha maji hubaki humo. Mwaka 1913 Clodomiro Picado, mwanasayansi wa Costa Rica, alichapisha utafiti mkubwa juu ya viumbe waishio katika mabakuli hayo. Jani kavu likianguka humo, wadudu wachanga hulitafuna, kisha bakteria na kuvu huliozesha, na mmea ukafyonza chakula hicho kwa majani yake, kwani mizizi kazi yake kubwa ni kushika mti tu. Chini kabisa, pasipofika hewa safi, wamo vijidudu wafanyao gesi ya methani, kama ile ya vinamasini. Subhanallah, kinamasi kizima kimetundikwa juu ya tawi!

Ardhini nako mambo ni hayo hayo. Udongo wa misitu mingi ya joto ni maskini kuliko unavyodhaniwa. Rutuba imo katika miti yenyewe na katika tabaka jembamba la majani yaozayo. Ndiyo maana aliyefyeka msitu na kuuchoma huvuna vizuri misimu michache, kisha akalalamikia shamba.

Lakini tusije tukachanganya hukumu mbili. Maji kuwa tohara si dhamana ya usalama wake. Afrika Mashariki yuko mbu aitwaye Aedes bromeliae, ambaye jina lake latokana na jamaa hao wa nanasi. Yeye hutaga mayai penye maji machache yanayokaa pale jani la mgomba, la nanasi au la yugwa linaposhikana na shina, naye ni miongoni mwa waenezao homa ya manjano. Huuma mchana, watoto wakiwa michezoni, saa ambazo chandarua kimekunjwa.

Kopo na tairi bovu vyamwagika maji. Mgomba haupinduliki, na kuukata ni kuinyima nyumba chakula. Wenye nafasi wapande migomba mbali kidogo na madirisha. Chanjo ya homa ya manjano nayo ipo, na dozi moja kwa kawaida humkinga mtu umri wake wote.