Viwanda Havihesabiwi kwa Vichwa

Mwezi Desemba mwaka 2017 Serikali iliagiza kila mkoa wa Tanzania Bara uanzishe viwanda 100 katika muda wa mwaka mmoja. Nia ilikuwa njema. Lakini agizo la idadi huzaa jibu la idadi: cherehani chache kibandani na kinu kikubwa cha unga huandikwa katika daftari moja, kila kimoja kikiitwa kiwanda. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ulikuwa bado mchanga sana kupewa mtihani huo.

Hebu tuutazame mji wa Tunduma. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam inaishia hapo. Reli ya TAZARA inapita hapo. Ng'ambo ya mstari ni Nakonde ya Zambia. Tangu Oktoba 2019, Marais Magufuli na Lungu walipofungua Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, karatasi za forodha zimepunguziwa safari. Malori ya mafuta na ya shaba ya Kongo yanapishana usiku na mchana. Lakini mali hiyo inapita tu. Mji unapata ushuru, nyumba za wageni na vumbi.

Ndugu zetu wa Visiwani wanayo nyumbani kwao picha iliyo tofauti. Kule Wawi, Pemba, kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar kinakamua mafuta ya makonyo. Kikonyo ambacho mchumaji angekitupa jaani kina bei. Karafuu, kikonyo, jani, mchumaji, mpimaji na kiwanda vimeshikana kama kuti na mnazi. Hapo ndipo pana kundi la viwanda kwa maana yake halisi. Hata hivyo Visiwa visijisifu kupita kiasi: mwani, ambao kilimo chake kilianza mwaka 1989 na kubebwa mabegani mwa akina mama, kwa sehemu kubwa bado unasafirishwa ukiwa mkavu, na wenye viwanda wa ng'ambo ndio wanaoula mnofu wake.

Iringa nayo ina la kutufunza. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilianza mwaka 1985 kwa kutegemea msitu wa kupandwa wa Sao Hill. Kilipofungwa katika miaka ya 1990, misumeno ya Mafinga haikunyamaza, kwa kuwa miti ilikuwapo, mafundi walikuwapo na wanunuzi wa mbao na nguzo walikuwapo. Kundi lililoshikamana huweza kumzika mmoja wao na kuendelea kuishi. Kiwanda kilichopandwa peke yake kikifa, kinabaki gofu.

Je, Songwe ina nini? Mbozi ina kahawa na kiwanda cha kuikoboa, lakini buni inaondoka mkoani bila kukaangwa. Bonde la Kamsamba lina mpunga. Ileje ina makaa ya mawe, Wilaya ya Songwe ina dhahabu. Mtumishi mwenye haraka atasema kila wilaya ipewe kiwanda chake ili pasiwe na manung'uniko. La hasha! Huko ni kugawa sadaka, si kupanga uchumi.

Kwa maoni yetu, Tunduma ianze na kile ambacho Pemba na Mafinga hazina: lori lililosimama. Lori linalongoja foleni linahitaji gereji, fundi wa kuchomelea, matairi, vipuri na tela. Kazi hizo sasa zinafanywa kandokando ya barabara, juani, na vijana wenye ujuzi wasio na hati ya kiwanja. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu wa namna hiyo, ishirikiane na Halmashauri ya Mji kuwapatia eneo moja lenye umeme wa kutosha. Mashine za kukoboa na kufungasha mchele wa Kamsamba zijengwe jirani nao, mafundi wale wale wazitengeneze zinapoharibika, na lori linalorudi Kongo tupu lipate mzigo wa kubeba.

Na Afisa Mipango atakapoandika taarifa yake ya mwaka, asituambie vimejengwa viwanda vingapi. Atuambie kipi kinanunua kwa kipi.