Marehemu alikuwa na mwanya

Vijana wangu wa studio wananiona mkaidi, na wateja wengine wananiona nawanyima haki yao, kwa sababu nakataa kutoa picha ya marehemu ya A3 kutoka kwenye kipande kilichokatwa WhatsApp. Nitaendelea kukataa.

Studio yangu iko jirani na stendi ya Msamvu, Morogoro. Harusi zimehamia kwa wenye droni. Kilichobaki kwangu ni pasipoti saizi na misiba. Wa misiba huja jioni, gari linaondoka alfajiri kwenda Mahenge au Ifakara, na turubai limeshafungwa huko. Mpwa ananyoosha simu: "Shikamoo mama. Hii ndiyo picha pekee tuliyonayo ya mjomba. Tutolee kubwa, iwe HD." Picha yenyewe ni ya sendofu ya mtu mwingine kabisa. Mjomba amesimama mstari wa nyuma, kati ya spika na mshereheshaji.

Hesabu yake si ngumu. WhatsApp isipoambiwa vinginevyo huipunguza picha, na ikifika kwangu upande wake mrefu mara nyingi hauzidi pikseli 1600. Kichwa cha mtu wa mstari wa nyuma kitapata kama 200 kwa upana. Picha safi ya kushika mkononi huhitaji karibu pikseli 300 kwa kila inchi. Kitandaze kichwa hicho kwenye upana wa A3, ambao ni inchi karibu 12, uone: pikseli 17 kwa inchi. Huo si uso tena, ni sakafu ya vigae.

"Si uongeze shapu tu, mama?"

Wengi wanaamini kitelezi cha kuongeza ukali huifuta picha ukungu kama mtu anavyofuta miwani. Hakifanyi hivyo. Programu, iwe Photoshop au GIMP ambayo ni ya bure, haijui kope wala kovu. Inatafuta mahali mwanga unapokutana na giza, kisha upande wa giza inauzidishia giza na upande wa mwanga inauzidishia mwanga, na jicho letu linaridhika kwamba mstari umekaza. Mafundi wa chumba cha giza waliifanya hila hiyohiyo kwa mikono kabla ya kompyuta: walitengeneza nakala ya negativu yenye ukungu wa makusudi, wakaibandika juu ya ile halisi, kisha wakasafisha picha. Ni hila nzuri na naitumia kila siku, ila naitumia mwisho, baada ya kuamua picha itatoka saizi gani na kwenye karatasi gani. Karatasi isiyong'aa hunywa wino na kulegeza mistari, kwa hiyo naikazia kidogo zaidi. Ya kung'aa haihitaji mkono mzito. Halafu natoa kipande kidogo cha majaribio, maana kioo kinawaka na karatasi haiwaki. Ukizidisha, kichwa kinazungukwa na mstari mweupe, na mashavu ya mzee yanakuwa changarawe.

Kitelezi hicho angalau hukaza kilichopo. Programu za akili mnemba zinazotangazwa siku hizi hubuni. Zimefunzwa kwa nyuso nyingi za watu wengine, na pale pikseli zilipokosekana zinajaza kinachoelekea kuwepo. Familia moja iliniletea kazi ya duka jingine ili niirekebishe. Ilikuwa klia kweli, kope unazihesabu moja moja. Mjane akaitazama akasema, "Mume wangu alikuwa na mwanya." Programu ilikuwa imeuziba. Ilikuwa pia imempa ngozi nyororo na nyeupe kuliko yake, jambo ambalo programu hizi hulipenda mno, na kidevu cha mtu ambaye hakuna aliyemjua pale. Picha hiyo ndiyo ilikuwa imewekwa mbele ya jeneza.

Najua familia inataka kitu kikubwa kwa heshima, na wageni wa nyuma nao waone. Jibu langu ni kukata kuanzia kifuani, pikseli kama 600 kwa upana, na kuitoa inchi 4 kwa 6. Hapo napata 150 kwa inchi, ambazo kwa uso unaotazamwa kwa heshima zinatosha. Naiweka katikati ya kadi nyeupe, ndani ya fremu kubwa. Ukungu kidogo unabaki, na mwanya unabaki.

Na ninyi wa makundi ya familia, mkituma picha za wazee tumeni kama dokumenti, siyo kama picha, ili faili lifike zima. Fanyeni hivyo wakiwa hai.

Wenzangu wanasema mteja nikimkatalia anavuka barabara. Avuke. Ila kabla hajalipa amuulize fundi wa huko: meno haya umeyaona, au umeyatunga?