Nyumba ya Baba isikose mtu kwenye mfongo

Kwa wazee wangu, kaka, dada na majirani wa Kibosho,

Nawaandikia kutoka Minneapolis, Marekani. Ni miezi mitatu tangu tumzike Baba, nami nilimzika kwa simu. Kaka aliishika juu ya kaburi, nikaona masale, migomba na migongo ya watu, kisha mtandao ukakatika. Asanteni mliochimba, mliopika, mliobeba maji na kukesha na Mama. Mungu awalipe.

Wiki iliyopita kaka alilipiga picha daftari la Baba, akanitumia ukurasa kwa ukurasa. Kila msimu una mstari wake: kilo za kahawa alizopeleka chama cha msingi, malipo ya kwanza, malipo ya pili. Pembeni, kwa penseli, ameandika fedha ilikokwenda: ada, mrututu wa mibuni, bati, dawa ya ng'ombe. Nimetafuta kitu alichojinunulia mwenyewe. Sijakiona.

Vijana wa leo hamkuiona kazi ile sawasawa. Kilo tano hivi za kahawa mbivu hutoa kilo moja tu ya kahawa ya maganda. Kuipata kilo hiyo, Baba alichuma zilizoiva nyekundu tu, akazimenya siku hiyohiyo, akavundika, akaosha mpaka utelezi ukaisha, akaanika kichanjani. Wingu likitanda, hata kama tunakula, sote tulikimbia kufunika. Kipimo chake cha ukavu kilikuwa kinywani: alibandua ganda kwa kucha, akaiuma punje. Jino likigoma kuingia, alisema, "Haya, leteni magunia."

Mwaka 1989 utaratibu wa kimataifa wa kugawana mauzo ya kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka. Wengi waliing'oa mibuni wakapanda mahindi na nyanya. Siwalaumu, watoto walitaka kula. Baba alikata mistari miwili tu ya mibuni, akauza maziwa, akashuka tambarare kulima mahindi, jioni akapanda na mzigo wa majani begani. Katika daftari, kilo za msimu uliofuata ndizo chache kuliko zote. Pembeni yake kuna ada yangu ya kidato cha kwanza, imelipwa kwa awamu nne.

Lakini nikimwaza Baba, namwona zaidi kwenye mfongo, mfereji wetu wa kuleta maji mashambani, suruali imekunjwa hadi magotini, anatoa tope kwa jembe. Mifongo ilichimbwa na mababu zetu kabla Mjerumani hajakanyaga Kilimanjaro, na imedumu kwa sababu kila nyumba hutoa mtu wa kuisafisha. Zamu ikiitwa, Baba hakukosa, hata mwaka ule alioumwa mgongo. Nilipomsihi apumzike alinijibu, "Nisipokwenda, atakayekosa maji ni jirani aliye chini yangu."

Ndugu zangu, nimesikia mnataka kufyeka mibuni ya upande wa juu mnijengee nyumba ya kufikia Desemba. Najua ni upendo, lakini nawaomba msifyeke. Nitalala chumba kile kile nilicholala nikiwa mwanafunzi. Fedha niliyotuma ya matofali, nunueni miche bora ya kahawa ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungo, ile inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, mpande palipo na mapengo. Itachukua miaka kama mitatu kuzaa. Tusubiri, kama alivyosubiri yeye.

Jambo la mwisho ni kosa langu. Nilituma pesa ya kibarua ili azibe nafasi ya Baba kwenye mfongo. Pesa hiyo mpeni Mama. Baba hakumtuma mtu kumfanyia zamu yake, na sisi watoto wake tuna mikono. Siku ya usafi ikitangazwa, aende mmoja wetu, ashike jembe lake, asimame pale alipokuwa anasimama. Desemba nikija, zamu ni yangu. Mpaka hapo, nawasihi: nyumba ya Baba isikose mtu kwenye mfongo.

Ni mimi ndugu yenu,
Minneapolis